Unga wa Salome

Mafiga, Morogoro
Jumapili, tumetoka kanisani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaitikia kabla Oliva hajafika mstari wa pili, basi marahaba yako nimeshaipokea. Mguu unaendeleaje? Yale majani uliyokuwa ukichemsha yamesaidia, au bado unaushinda ugonjwa kwa ukaidi na kupanda kwenye mibuni kila asubuhi? Na kahawa mwaka huu mmewauzia hawa wanunuzi wapya wanaokuja na magari yao, au mmeisubiri ile foleni ya chama? Sisi huku ni wazima. Watoto wote watatu wanakula, wanakua, na wanapigana. Leo naandika hivyo bila wasiwasi. Ningeandika Ijumaa ningekuwa nakudanganya, na uongo wangu kwako umeshakuwa mwingi.

Wewe Oliva mdogo wangu unayemsomea mama, soma kila neno. Usiruke pale utakapoona aibu ya kaka yako, na usicheke mpaka umalize.

Mama, uliniandikia kwamba umesikia kiwanda chetu kimefungwa, na kwamba niwalete Anjela na Tobi wakae kwako mpaka mambo yatengemae. Nikajibu kwamba tumepumzishwa kidogo, mashine zinatengenezwa. Nimekujibu hivyo mara tatu. Si kweli. Kiwanda kimeuzwa, na aliyekinunua ameweka kufuli na mlinzi mwenye mbwa. Sisi tuko nyumbani tangu Salome hajaanza kukaa, na sasa ana mwaka na miezi miwili. Anayehangaika na riziki ni Paskalina. Anafuata karanga Gairo, anazikaanga, anawauzia abiria wa mabasi ya mikoani pale Msamvu. Mimi nabaki na watoto. Napika, nafua nepi, nachota maji, nambeba Salome mgongoni kwa kanga ya mama yake. Haya, nimeshasema. Oliva, endelea.

Mwanzoni nilikuwa napika nimefunga mlango, moshi ukinitoa machozi, ili majirani wasinione na mwiko. Wakaniona tu. Siku hizi napikia uani na mwenye kucheka acheke. Nimejifunza mengi, mama. Mkaa hatununui, tuna jiko la maranda: naenda kwa mafundi seremala, naokota maranda yao, nayashindilia kwenye debe huku katikati nimesimamisha chupa, kisha naichomoa polepole libaki tundu. Ukilishindilia vizuri linaivisha maharage, na maji ya kuwaogesha watoto yanapata moto humo humo. Mche wa sabuni naukata kwa uzi usipotee hata chembe. Shati langu la kiwandani limetoa nepi nne, na ile nembo ya kiwanda imeangukia makalioni kwa Salome. Kwa jinsi walivyotutoa, naona imepata mahali pake.

Nyumba hii ina sheria moja kubwa, nayo ni kopo la unga wa Salome. Huyu mtoto aliachishwa ziwa mapema kwa sababu ya hizi safari za mama yake, akaharisha, akakonda mpaka nesi wa kliniki akatugombeza. Tangu hapo Paskalina humtengenezea unga wake mwenyewe wa mahindi, mchele na karanga, anakaanga, anatwanga, anachekecha. Kopo linakaa juu ya kabati. Kifuniko kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, na hakuna mdomo mwingine unaoruhusiwa. Tobi aliwahi kulamba kidogo akakimbizwa kuzunguka nyumba nzima.

Basi Jumatatu iliyopita Paskalina alikwenda Gairo. Akaniambia, "Jumatano mchana niko hapa. Unga wa Salome nimeupima mpaka Ijumaa, isije ikatokea kitu." Jumatano ikapita. Alhamisi nikambeba Salome mgongoni, Tobi nikamshika mkono, Anjela akashika shati langu, tukaenda Msamvu kuulizia. Kondakta mmoja akasema maji yamekata barabara mbele ya Dumila, magari yamelala upande wa pili. Mwingine akadakia, "Kuna lori limesombwa, na watu walikuwa juu ya mizigo." Nikamuuliza lori gani, la nani, la wapi. Hakujua. Mama, mke wangu husafiri kwa malori kwa sababu ndiyo yanayokubali magunia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe, na ilibidi nitembee na watoto mpaka nyumbani nikiwaimbia ili wasiione hofu yangu.

Ijumaa mchana akaja shemeji Dismas.

Huyu ni kaka mkubwa wa Paskalina, mkulima wa kabichi na njegere huko milimani Uluguru. Hushuka mjini kuleta mzigo sokoni. Nikueleze kidogo habari za wakwe zangu, kwa maana kwetu Mbinga mtoto ni wa baba na hakuna anayebisha. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, wenyewe wanauita lukolo, na mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba. Siku ya harusi Dismas aliniambia, "Shemeji, wewe utawalea, ila wenyewe ni sisi." Nilicheka nikadhani ni utani wa harusini.

Alinikuta uani, nina mtoto mgongoni na mwiko mkononi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mama Anjela yuko wapi?"

"Yuko Msamvu na karanga zake. Jioni atarudi."

Sijui kwa nini nilisema vile. Au najua. Anjela alinitazama, kisha akatazama chini.

"Basi nitamsubiri," akasema, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka. "Nina neno naye. Nasikia kazi huna. Kwangu kuna viazi, kuna njegere, kuna maziwa ya mbuzi. Kesho nataka nipande na wapwa zangu."

Mama, fikiria mahali nilipokuwa. Mke sijui yuko wapi. Mwenye haki ya kuchukua watoto amekaa kwenye mkeka wangu. Na ndani hamna unga wa ugali, uliisha Jumatano, watoto asubuhi walikula magimbi ya jirani. Mtu amekuja kunichukulia watoto kwa sababu anaona watalala njaa, halafu nimwambie sina hata ugali wa kumpa? Kiburi chako nilichorithi kikanipanda. Nikaingia ndani, nikashusha kopo la Salome, nikalimwaga lote kwenye maji yanayochemka.

Ukatoka ugali wa rangi ya udongo, unanukia karanga mpaka kwa majirani. Nikauweka mbele yake na mchicha. Akanawa, akamega tonge, akatafuna polepole.

"Shemeji, ugali huu una karanga."

"Ndivyo tunavyopika kwetu Mbinga," nikasema. Nisamehe mama, niliisingizia Mbinga nzima.

Tobi alikuwa amesimama mlangoni. Ana miaka minne na hajui kunong'ona. "Mjomba, huo ni wa Salome. Mama hayupo, alienda Gairo, maji yamekata barabara, na baba jana alilia."

Dismas akarudisha mkono kwenye sahani. "Tangu lini?"

"Jumatatu," nikasema.

"Jumatatu! Na mimi kaka yake naambiwa yuko Msamvu?"

Hapo nikapasuka. Nikamwambia ndiyo, nimekudanganya, na ningekudanganya tena. Nikamwambia hawa watoto nimewasafisha kwa mikono hii, najua nani anaogopa kifaranga na nani halali bila kushikwa sikio, sasa wewe uje na kabichi zako uniambie si wangu! Nilipiga kelele mpaka Salome mgongoni akaanza kulia. Dismas alimtoa mtoto mgongoni kwangu, akampakata, akawa anamega kile kiugali vidonge vidogo anamlisha mpaka akashiba. Kisha akasimama, akavaa viatu.

"Kesho asubuhi nakuja. Nguo zao ziwe tayari."

Ugali uliobaki niliuponda kwa maji ya moto, ukawa uji wa Salome wa jioni. Nguo sikufungasha hata moja.

Jana asubuhi akaja na kifurushi cha unga. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeukamata mlango pande zote mbili. Akanitazama, akasema, "Nipe huyo mtoto. Nenda Msamvu ukamtafute dada yangu. Mtu hatafuti mke na watoto watatu wamemning'inia."

Unaona mtego, mama? Nikienda, huenda nikirudi nyumba ni tupu, watoto wako njiani kupanda mlima, na hakuna mtu huku atakayesema amekosea. Nisipoenda, mke wangu sina habari zake. Nikasimama pale mpaka Anjela akaniambia, "Baba nenda. Mimi nitawashika wote." Ana miaka sita. Nikafungua mikono, Salome akachukuliwa, nikaenda. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma.

Msamvu nilizunguka gari kwa gari, nikauliza mpaka sauti ikakauka. Saa saba mchana likaingia lori la mahindi limejaa tope, na juu ya magunia kulikuwa na kanga ninayoifahamu kwa sababu naifua kila wiki. Alishuka na nusu gunia la karanga, miguu imechubuka. Ile nusu nyingine ililowa akaitupa. Siku tatu walikaa ng'ambo ya maji, jana alfajiri wakavushwa. Unadhani nilimkumbatia? Nilimfokea mbele ya watu. "Ndiyo Jumatano hii?" Akaniacha nimalize, kisha akauliza, "Watoto wako na nani?"

"Kaka Dismas."

Akabadilika uso. "Umemwachia kaka watoto? Anajua kwamba nilikuwa sijulikani nilipo?" Hakungoja jibu. Akanitwika gunia, akaanza kukimbia na miguu ile ile. Yeye ni Mluguru, mama, yeye ndiye anayejua. Nilivyoona anakimbia ndipo nilipoogopa sawasawa.

Tulipofika mlango ulikuwa umefungwa, na uani hakuna mtoto. Paskalina akaita, "Anjela!" Kimya. Akaita tena, sauti imekatika. Ndipo tukasikia mtu anakohoa nyuma ya choo.

Shemeji Dismas alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la maranda, amelihamishia huko kufuata upepo. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi, na Salome amelala mgongoni kwake, amefungwa kwa shuka la kitanda. Alikuwa amechomoa chupa kwa pupa, maranda yote yakaporomoka, jiko halishiki moto. Anjela amesimama pembeni anamfundisha. "Mjomba, si hivyo. Baba huwa anashindilia."

Paskalina alimshika kila mtoto kichwa, mmoja mmoja. Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaingia ndani moja kwa moja kwenye kabati. Tukasikia kopo linafunguliwa.

"Unga wa Salome nani kala?"

Nikafungua mdomo. Dismas akaniwahi. "Mimi. Nilikuja na njaa, nikalazimisha nipikiwe huo."

Mama, alimgomba kaka yake mkubwa kama mtoto mdogo. Hana haya, mtu mzima na mashamba yake anakula chakula cha mgonjwa! Yule mzee aliinamisha kichwa akayapokea yote, na Tobi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinyamaza.

Alipokuwa anaondoka nikamsindikiza hadi barabarani. Akaniambia, "Wapwa zangu nawaacha hapa. Ukiishiwa, uniambie mimi kabla hujagusa lile kopo." Nikamshika mkono kwa muda mrefu.

Basi mama, watoto hawaji. Si kwamba kwako watakosa kitu. Ni kwamba jana nilitembea kutoka Mafiga hadi Msamvu nikidhani nimewapoteza, na sitaki kuitembea tena njia ile. Badala yake njoo wewe, kahawa ikishauzwa. Kila kitu nitakupikia mimi, na ukikuta chumvi imezidi useme.

Nisalimie baba mdogo katekista, umwambie rozari aliyonipa bado ninayo. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, na yule binamu fundi baiskeli anayedai nilimsahau. Paskalina anakusalimu, yuko uani anatwanga. Anjela ameandika jina lake hapa chini mwenyewe.

Mwanao anayepika,
Kosmas

ANJELA

Oliva, sasa cheka.