Nimeona Anachosoma Baba Mkwe Kwenye Simu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi nikikuzungusha, maana mwenyewe sijielewi. Mimi ni fundi wa kompyuta, mke wa mtu, na nasomea cheti cha usalama wa mitandao, na kwa kuwa mambo haya hayaingii kichwani kwa kitabu peke yake nikageuza stoo kuwa maabara, nikapanga kompyuta kuukuu na vifaa vya mtandao nilivyopewa kazini, mume wangu akacheka, "Kumbe nimeoa mpelelezi," basi nikaanza zoezi la kufuatilia mawasiliano, na badala ya kutumia kompyuta zangu tu nikapitisha humo intaneti ya nyumba nzima bila kumwambia mtu, na programu niliyotumia haionyeshi ujumbe wa mtu ila majina ya tovuti anazofungua, nikaona simu ya baba mkwe, tunayeishi naye tangu mama mkwe afariki, inafungua tovuti za ugonjwa wa kusahau, moja baada ya nyingine, asubuhi hadi jioni, nikakumbuka aliwahi kuniita kwa jina la marehemu mkewe halafu akajifanya anakohoa. Sasa mara nataka kumweleza mume wangu, mara naogopa ataniuliza nimejuaje, mara nasema labda mzee anamsomea rafiki, na nikifungua kitabu hakuna kinachoingia. Jana namimina chai akanishika mkono, "Mwanangu, mbona siku hizi unanitazama kama maziwa yaliyo motoni?" Nikamwambia nina usingizi tu. Akasema, "Haya," lakini chai hakuigusa. Mshauri, nimekosa au nimeokoa? Niseme au ninyamaze?

Niliyechanganyikiwa, Stooni

Wewe wa Stooni, pole, tena pole ya kweli. Sasa kaa nikuseme. Unasomea kulinda siri za watu, na wa kwanza kumchungulia ni mkweo! Hukukusudia, sawa, lakini ulipoitambua simu yake ungezima. Wewe ukakaa kutazama mpaka jioni. Kabla hujafanya lolote, itenge maabara yako, kompyuta zako zizungumze zenyewe kwa zenyewe, na yote uliyorekodi ya watu wa nyumbani uyafute.

Kwa mumeo usiende kwanza. Siri hii si yako wala si yake, ni ya mzee. Mwendee mkiwa wawili, umwambie, "Baba, nilikuwa najifunza, nikaona usichonionyesha. Nisamehe." Kisha funga mdomo. Usimtajie ugonjwa, wewe ni fundi, si daktari, na si kila asomaye habari za maradhi ni mgonjwa. Akikasirika, ana haki yake. Akifunguka, muulize kama angependa umsindikize hospitali, na mwanawe aambiwe na nani. Atakalosema, lifuate hilo hilo.

Umekosa, ndiyo. Lakini, mama, mzee amekushika mkono akakuuliza, na mtu anayetaka kuachwa peke yake haulizi. Nenda ukamjibu leo, angali anauliza.