Inua Ndoo Kila Ijumaa

Kibaha,
11 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Assalaam aleikum. Mguu umeamkaje? Na masikio je, yale matone yamesaidia, au bado yule dereva Zaidi akipiga honi mlangoni unadhani ni jogoo? Sisi tunapumua, alhamdulillahi.

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii, na hili siwezi kulipigia kelele. Nyumba imewekwa X nyekundu ya kubomolewa. Barabara inapanuliwa, itafika mpaka nyuma ya jiko, kwa hiyo makaburi ya kwa wakwe zangu yote yatahamishwa, na la Firdausi pia. Mama, ni barabara hiihii iliyomgonga mwanangu akitoka madrasa. Sasa inakuja kumtoa alikolala. Hivi haijashiba?

Mkweo Kondo amekubali. Anasema serikali haishindwi na mume wa mtu. Mimi sijakubali, ila nataka kumwekea mtoto waridi juu ya kaburi, nalo liwe ndani ya ndoo, ili wakimhamisha liende naye. Wewe ndiye muuza miche. Nichagulie, lipi linafaa?

Mwanao,
Anifa


Kisarawe,
18 Februari 2024

Mwanangu Anifa,

Marahaba. Waaleikum salaam. Mguu umevimba lakini bado unanifikisha bustanini. Jogoo nimemchinja, kwa hiyo sasa nikisikia kelele najua ni Zaidi na kigari chake cha kirikuu kinachopakia muhogo.

Habari ya X imenikata maini. Nimekaa nayo siku nzima. Sasa sikiliza.

Yale mekundu makubwa ya maharusi usiyaguse. Yamezoea baridi ya Arusha, joto lenu litayapukutisha hujajua hata jina lake. La kutambaa nalo hapana, litakimbilia paani na hiyo nyumba yenyewe ndiyo hiyo. Lile la pinki la hapa kando ya pipa, najua ndipo moyo wako ulipo. Firdausi alikuwa akilinyonyoa anajaza mifukoni, namfukuza na ufagio huku nacheka. Harufu linayo, sibishi. Lakini ni waridi la kizamani, mzizi wake mrefu, ndoo hailitoshi. Chukua jeupe fupi. Harufu halina, ila adabu linayo, linakaa pale ulipoliweka. Zaidi anakuletea mche wa jeupe na wa pinki, usije ukasema nimekunyima.

Ndoo itoboe matundu chini, tanguliza kokoto, udongo changanya na mchanga na samadi ya mbuzi iliyokaa. Nje ipake chokaa isichemke. Na hili ulishike kuliko yote: usiiweke juu ya udongo. Iweke juu ya matofali, na kila Ijumaa ukishamsomea Yasini, inua ndoo utazame chini. Ukiona uzi mweupe umechungulia tunduni, kata. Mzizi ukishaonja ardhi, ndoo haihami tena.

Na huyo mtoto mleteni huku, alale kando ya babu yake Mwishehe. Nafasi ipo.

Mama yako


Kibaha,
24 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Mfungo unakwendaje na huo mguu? Usijitie ushujaa, Mungu anakuona unaumwa. Muhogo umefika, ahsante, tumefuturu nao.

Utanigombeza lakini nimeshapanda. Nimechukua la pinki. Jeupe nimempa jirani yangu Justa. Halina harufu, Mama. Firdausi atajuaje kwamba ni la kwako?

Kondo ndiye aliyetoboa ndoo kwa msumari wa moto na kupanga matofali. Nilimwona akichagua yasiyo na ufa. Ijumaa nimeinua, chini pakavu, safi kabisa. Shemeji zangu wanataka wote wahamishiwe makaburi ya mji. Kondo anasema kama nataka Kisarawe, ni Kisarawe. Nimemwambia sitaki huko wala huko. Tangu hapo hatuongei sana.

Mwanao,
Anifa


Kisarawe,
5 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hicho kichwa kigumu umekitoa kwa baba yako, mimi simo.

Haya, umeshachagua. Basi mvua zikianza usiruke Ijumaa hata moja, la pinki halingoji mtu. Na mumeo usimnunie. Naye kafiwa. Wanaume wa kwetu wakipanga matofali ndio wanalia hivyo.

Mama yako


Kibaha,
16 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Najua umeandika na hujajibiwa, nisamehe. Pumzi ipo. Ulimi ndio mzito.

Matofali nimeyaondoa. Mvua za masika zilitifua udongo, ndoo ikapinduka, nikaisimamisha palepale chini, nikisema nitapanga matofali kesho. Siku zikapita. Ijumaa moja nikataka kuinua, ikakataa kidogo tu. Ilinishikilia kama Firdausi alivyokuwa akinishika kanga nikitaka kwenda sokoni. Nikaiachia. Sijaigusa tena.

Ungeliona linavyochanua! Harufu inafika mpaka jikoni, nimesimama na mwiko nalia. Kondo anadhani matofali yamezama kwenye tope. Waje na mashine zao, Mama. Nitawaambia huyu hatoki, ameshikwa.

Mwanao,
Anifa


Kisarawe,
22 Agosti 2024

Anifa,

Salamu nimeziruka makusudi. Ukimaliza mstari huu weka karatasi chini, chukua panga, lipitishe chini ya ndoo, kata.

Kaburi la mtoto si refu, na udongo uliochimbwa ni laini. Mzizi unashuka utakavyo. Unadhani umewazuia wenye mashine? Wenye mashine hawaingii kaburini. Atakayeingia ni baba yake.

Inua ndoo, mwanangu. Nakuomba, mimi niliyekuzaa.

Mama yako


Kibaha,
10 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize nini kuhusu afya yako, akili haipo.

Sikuinua. Kila Ijumaa nilisema Ijumaa ijayo.

Jana asubuhi wamekuja kuhamisha. Kondo, shemeji Rajabu, shehe na majirani wachache. Sisi wanawake tulikuwa ndani, mimi nilikaa jikoni karibu na dirisha. Kondo aliishika ndoo kwa mikono miwili aisogeze pembeni, haikuja. Akavuta, kitako kikabaki chini. Akasimama akikitazama kile kitako kilichoshikwa na mizizi, kisha akageuka akatazama dirishani. Akaanza kuchimba.

Baadaye majembe yakanyamaza. Rajabu akaja mlangoni, hanitazami, akasema, "Shemeji, Kondo anaomba kisu." Nikadhani ni cha kukatia kamba. Nikampa kile changu kidogo cha vitunguu, kwa mkono wangu huu. Halafu nikamsikia Kondo mle chini: "Tulia, mwanangu. Baba anakutoa. Tulia, sikuumizi." Maneno hayohayo aliyokuwa akimwambia akimtoa mwiba mguuni.

Mizizi ilikuwa imeingia ndani ya sanda, Mama. Rajabu ndiye aliyeniambia. Si Kondo.

Amezikwa makaburi ya mji. Kondo alimbeba mwenyewe, hakumpa mtu. Aliporudi alikiosha kisu akakirudisha mahali pake. Siwezi kukishika. Tangu jana hapa hapajapikwa.

Waridi limelala uani, majani yamejikunja. Na kule alikopelekwa ni mchanga mtupu, hakuna hata jani. Nipande lipi, Mama?

Mwanao,
Anifa


Kisarawe,
12 Novemba 2024

Mama Firdausi, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimeshika nguzo ya mlango, Zaidi nimemwambia asiondoke. Nimelia kwanza, sasa naandika. Sikugombezi.

Safari hii usipande kitu. Wala jeupe, wala jingine. Nenda umwagie maji, umwombee, urudi nyumbani. Uende na Kondo. Akikataa, kesho mwambie tena.

Hicho kisu usikitupe wala usikifukie. Kifunge, mpe Zaidi, kije kwangu. Mimi nitajua pa kukiweka. Nimekufungia cha kwangu kwenye kitambaa, kiko juu ya muhogo. Mpini umelegea kidogo, lakini hakijawahi kukata kitu zaidi ya mchicha na vitunguu. Menya huo muhogo nacho, umpikie mumeo. Asipokula leo, mpikie na kesho.

Mama yako