Pumzi ya Abdulwakil

Lewisham, London
11 Februari 1979

Ndugu yangu Ummukulthum,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti la mama liwe limepata nafuu kwa yale mafuta. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, navaa koti. Tafadhali isome kwanza peke yako, chumbani, kabla ya kumsomea mama chochote.

Mnanijua kwa ugomvi. Mwaka juzi nilijaza kurasa arubaini kumjibu profesa aliyedhani anaijua Unguja kuliko sisi. Siku hizi gazeti likinitukana nalikunja tu. Nashinda maktaba nikimsoma mwanasarufi wa Kigiriki wa zamani sana, mtu wa Iskandaria. Kazi yake ilikuwa kupanga nukta katika tenzi za kale: hapa msomaji apumzike kidogo, hapa asimame kabisa. Watu wakamcheka, wakampachika jina la nukta zake. Vitabu vyake vimepotea. Yamebaki mabaki pembezoni mwa maandishi ya wengine.

Bi Kokila, mwenye nyumba wetu, mzaliwa wa Kisumu, amechoka nami. Juzi aliniletea chapati akauliza kama huyo Mgiriki ndiye atakayenifulia mashati. Akaongeza kwamba magazetini najifanya simba, lakini mama yangu mzazi namwogopa kama mtoto aliyevunja sahani. Nilikula chapati, nikarudi kwenye nukta za Mgiriki wangu.

Barua yako ya mwisho ndiyo iliyonishika. Uliandika kwamba barua za Abdulwakil siku hizi zinasomeka. Zamani ndugu yetu hakutia nukta hata moja. Ulimsomea mama mbio mpaka ukakosa pumzi, naye akicheka, akisema ndiye huyo mwanangu, anateremka ngazi. Sasa anapumzika pahala pake, ulisema, na mama anauliza nani amemfundisha kutulia.

Hakuna aliyemfundisha, Ummukulthum. Abdulwakil alifariki tarehe 3 Julai mwaka jana. Moyo ulisimama akiwa kazini, ndani ya basi lake, mkoba wa tiketi begani. Tulimzika hapa hapa London, na watu wa msikitini walikuja wengi. Zile barua tatu za baadaye niliziandika mimi. Mwandiko wake niliuweza. Pumzi yake sikuiweza. Nilijiambia namsitiri mama. Si kweli. Nilishindwa kuandika sentensi moja.

Sasa nimeiandika. Ukurasa wa pili ni wa mama, nimeutia nukta nyekundu. Penye moja, vuta pumzi. Penye tatu, weka karatasi chini, umshike mikono, wala usiendelee mpaka akuambie.

Nimeujaribu kwa sauti mara nne. Kwenye zile tatu nasimama, nangoja, na haiji sauti ya kuniambia niendelee. Nisamehe.

Wasalimie wote nyumbani, na mama umbusu mkono. Salamu hizi safari hii ni zangu peke yangu.

Kaka yako,
Harith