Chati za Bosi Ziko Chini ya Kamba

Jumanne, Changamwe

Na bado nasema tulikuwa wajinga, mimi wa kwanza. Wiki nzima mimi na Kevin, mwenzangu wa kazi, tunabandika vikaratasi kwenye ukuta wa ofisi, kila kimoja hatua moja ya dereva wa trela atakayetumia programu yetu kuchukua kontena bandarini Kipevu. Cha mwanzo kabisa tuliandika: "Ajisajili."

Leo nimemwita Mzee Omari, dereva wa siku nyingi, aupitie ukuta. Alisoma polepole, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, foleni nimepanga saa ngapi?"

Kumbe dereva hupanga foleni kwanza, karatasi za kontena zikiwa bado kwa wakala wa forodha. Akiwa pale anataka kujua jambo moja tu: zimetoka asogee, au bado apumzike?

Kevin akaanza ubishi, eti bila nywila hakuna programu. Wallahi alinipandisha hasira! Nikavuta kamba ukutani, msumari hadi msumari. Juu yake nikaacha vikaratasi vinne, vya kumjulisha dereva kama karatasi zake zimetoka, ndilo toleo la kwanza. Vilivyobaki vyote nikavishusha chini, vingoje zamu yao.

Vinne tunaviweza kwa wiki mbili, inshallah. Sina wasiwasi navyo.

Wasiwasi ni bosi. Zile chati za rangi alizotaka tuweke kwenye programu nazo ziko chini, na kesho asubuhi anakuja kuuona ukuta.

Akiuliza nani kazishusha, nitasema ni mimi. Kamba lakini kaifunga Mzee Omari, kwa fundo lake la kufungia turubai la trela. Ukilivuta, ndiyo kwanza linakaza.