Herufi Moja Chini ya Picha

Mdogo wangu mpendwa,

Nianze kwa kukuomba radhi kwa kimya cha miaka miwili. Natumaini goti lako limepata nafuu na wajukuu hawajakumaliza kwa kelele. Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo sasa yanadai miwani hata kwa kusoma saa ya ukutani.

Nilipostaafu, chuo kikuu kiliniomba nisahihishe maandishi yanayobandikwa chini ya picha katika jumba lao la sanaa. Nilikubali kwa majivuno, nawe wanijua. Nilifanya kazi katika chumba cha nyuma, mbele yangu pakiwa na karatasi za majina ya picha tu, bila picha zenyewe.

Kila Jumamosi mkufunzi wa jumba, binti wa umri wa kitinda mimba wako, huwafungulia milango watu wa mtaani. Huwaketisha mbele ya picha moja kwa saa nzima. Huwauliza wanaona nini, kisha ni kitu gani hasa kilichowafanya waseme hivyo. Mimi niliyefundisha miaka arobaini kwa kusema, niliketi nyuma nikimstaajabia mtu anayefundisha kwa kusikiliza.

Jumamosi iliyopita picha ilikuwa ya mwanamke aliyeketi karibu na mlango. Chini yake paliandikwa “Anayengojea.” Fundi cherehani mmoja akasema maandishi yale yanadanganya. Mkufunzi akamwuliza ameona nini. Akajibu kwamba koti limefungwa vifungo vyote, mkoba uko mapajani, na chini ya mlango pana kivuli cha miguu ya mtu aliye nje. Mama huyu hangojei mtu, akasema. Yeye ndiye anayengojewa, na amegoma kuinuka. Jirani yake akamtania kwamba anawajua vizuri wateja wa namna hiyo, nguo tayari, mwenyewe haonekani. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mchoraji aliandika “Anayengojewa.” Mimi ndiye niliyeifuta ile w kwa wino mwekundu, bila kwenda ukumbini kuitazama picha.

Nilimweleza mkufunzi siku ileile. Hakunikemea. Aliniomba Jumamosi ijayo nisimame mbele ya watu wale, niwaeleze herufi moja imebadili nini, na ni nani aliyeiondoa. Sijawahi kukiri kosa mbele ya darasa. Si bure wanafunzi waliniita Nukta: nikishasema, imekwisha.

Tena kosa hilo si la kwanza. Barua uliyoniandikia baada ya kumzika shemeji, niliirudisha kwako imesahihishwa. Sentensi yako ya mwisho niliizungushia duara: “Mlango uko wazi, unangojewa.” Pembeni nikaandika kwamba haieleweki anayengojewa ni mlango au ni mimi. Hukuandika tena, na ulikuwa na haki.

Ilieleweka, mdogo wangu. Nilikuwa nimefunga vifungo vyote, nimeketi.

Nisalimie watoto na wajukuu, kila mmoja kwa jina lake. Bado sijaamua kama nitasimama Jumamosi. Nikishaamua nitakuandikia, na barua hiyo ukiiona ina kosa, wino mwekundu ni wako.

Kaka yako,
Nukta