Saa Kumi ya Mkwe Wangu

Jumanne, 5 Agosti

Wewe mkwe, huna haya. Fundi mzima, una duka, watu wanakuletea simu kutoka Mbamba Bay, halafu nyumba ya mama mkwe wako inashinda Malawi.

Hayo nimemwambia mbuzi asubuhi, nikigeuza dagaa wa usipa kwenye kichanja. Nimemwambia kwa sauti ya kuvuka ua. Mkwe alikuwa kwake anapiga mswaki. Nikasikia anakohoa. Ujumbe umefika.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawasemeshani uso kwa uso. Yeye akiingia sebuleni kwangu, mimi natokea mlango wa jikoni. Maneno yanapita kwa Esta, binti yangu, mke wake. Esta akiwa hayupo, yanapita kwa mbuzi. Tumeishi hivyo tangu amwoe, na hatujavunjiana heshima. Lakini hasira ninazo.

Ruta hii aliileta mwenyewe. Kisanduku cheusi, ndani kina laini ya simu, juu ya paa kuna antena. Akasema, kupitia Esta, mama atapata wifi, atawaona wajukuu wake. Niliwaona wiki ya kwanza tu. Tangu upepo wa mwera uanze kuvuma, sanduku linakamata mtandao wa ng'ambo ya ziwa, na kule bando letu si kitu. Leo meseji imeingia tena. Karibu Malawi. Nimekaribishwa Malawi nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mama yangu, hapa Lipingo. Sikuomba.

Jumatano, 6 Agosti

Neema amepiga kwenye simu yangu ndogo, kitochi. Neema ni mtoto wa kwanza wa Esta, ameolewa Bukoba, mwisho kabisa wa nchi. Amejifungua msichana wiki mbili zilizopita. Ubatizo ni Jumapili ya tarehe 17.

Jina natoa mimi.

Kwetu jina halitumwi kwa meseji wala halibebwi na mtu. Aliye mkubwa analitaja kwa mdomo wake, anamtazama mtoto usoni, na anakuwa amekaa ndani ya nyumba ya mwenye jina. Mwenye jina ni mama yangu. Nyumba ni hii. Kwa hiyo lazima niuone uso wa mtoto hapa, kwenye simu janja ya Esta, na simu ya Esta humu ndani haishiki intaneti bila ruta.

Neema amesema: "Bibi, wakwe zangu wanalo lao tayari. Wamekubali kukusubiri wewe. Saa nne kamili. Saa nne na nusu tunaondoka kwenda kanisani."

Nikamuuliza hilo lao ni lipi. Akalitaja. Ni la kizungu, mtu angedhani sabuni ya kufulia.

Langu silitaji hata hapa. Halijatoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Esta anasema nipande mlimani, intaneti kule inashika. Na nyonga hii? Na hata ningekuwa mzima. Mama yangu hakuishi mlimani. Mlimani nimkabidhi nani jina, nyani?

Ijumaa, 8 Agosti

Mkwe amejibu. Esta amesimama mlangoni kama karani, anaeleza.

Ruta ina kitu ndani yake kinachoiongoza. Mkwe anakiita famuwea. Mimi nakiita roho, maana Esta anasema kikitoka mashine inabaki maiti. Roho iliyotoka nayo kiwandani haina mahali pa kuiambia usiende ng'ambo. Inakwenda panapopiga kelele zaidi, kama kuku. Dawa ni kuitoa hiyo roho na kuweka nyingine. Ziko za bure kwenye intaneti, zimetengenezwa na watu tu, na kuna za aina mbili zinazoiingia ruta yetu. Moja ni ya watu wengi, imejaribiwa sana, lakini ina sura mbaya na kila kitu unakifungua mwenyewe. Nyingine ameipika mtu mmoja, ina rangi nzuri, kila kitu kiko tayari.

Nikasema achukue iliyojaribiwa. Esta akaondoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Amechukua yenye rangi nzuri.

Wanaume hawa. Unamwambia jungu hili halivuji, yeye anataka lile lenye maua.

Ameingia sebuleni mchana na kompyuta yake. Nikatoka. Nimekaa jikoni na moshi mpaka macho yakawa mekundu. Kisha nikasikia anasema taratibu, "Ala." Fundi akisema ala, ujue.

Ruta imekufa. Taa moja nyekundu inapepesa, basi. Hata Malawi sasa hatuendi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa natazama kisogo cha mkwe, viti vitatu mbele.

Jumatatu, 11 Agosti

Kumbe ruta zina matoleo. Sura moja, jina moja, ndani ni tofauti. Chini ya sanduku kuna kibandiko kinasema hili ni toleo la ngapi. Mkwe hakuligeuza sanduku akasoma. Alisoma kwenye boksi. Na boksi, Esta anakiri, si la ruta hii. Ni boksi la ruta ya mteja mwingine, alilitumia kunibebea yangu kwa sababu langu lilichanika.

Nimemwambia mbuzi: mtu anamvika marehemu shati la mtu mwingine, halafu anashangaa halimtoshi. Nimemwambia mara mbili.

Mkwe alikuwa anafunga mlango wake. Aliufunga polepole sana.

Jumanne, 12 Agosti

Kaomba sindano yangu ya kushonea, kupitia Esta. Nikatoa. Nikatoka jikoni kwenda uani, niache nafasi.

Kuna kitufe kidogo nyuma ya sanduku, kimo ndani ya tundu. Unakibonyeza kwa sindano huku unawasha umeme, unashikilia hivyo hivyo, mashine inaamka nusu nusu na kukubali kulishwa kwa waya kutoka kwenye kompyuta. Amejaribu mara nyingi. Amekosa mara nyingi. Jua lilipokuwa linazama ikakubali.

Sasa ameilisha ile yenye sura mbaya. Ile niliyoisema Ijumaa.

Sindano amerudisha imepinda.

Jumatano, 13 Agosti

Mashine imefufuka, wifi haina. Nikachukia upya. Esta akaenda, akarudi. Kumbe roho hii ukiiweka inakuja na wifi imefungwa, mpaka uifungue mwenyewe. Pia haijui laini ya simu ni nini, mpaka uiongezee kipande kingine. Mkwe akapanda dukani kwake kule barabarani kukichukua kwenye intaneti, akashuka, akaweka. Halafu akaingia mahali pa kuchagua mtandao, akaiandikia wa nyumbani tu, mwingine usiuguse.

Jioni ikawaka. Nimewaona wajukuu wa Songea. Wamenenepa. Nimewagombeza kwa nywele zao.

Meseji ya Malawi haijaja tena.

Sikumwambia mbuzi kitu. Mbuzi naye alinishangaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Imezima.

Nilikuwa nasikiliza redio, inasoma habari ya saa nne, nikatazama sanduku, taa zote zikalala. Zikaamka moja moja. Ile ya mtandao ikakawia, nimemaliza kutwanga karanga ndipo ikarudi. Neema atanipa nusu saa tu.

Nimemwambia Esta, kamwambie mumeo inazima saa nne, redio ikianza habari. Amekwenda.

Jibu: ni umeme mdogo. Amebadilisha kichwa cha chaja.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa nne, imezima. Chaja mpya, roho mpya, ujinga ule ule.

Jibu: labda ni jua, antena inapata moto. Agosti hii, na mwera unavuma mtu anavaa sweta. Jua gani.

Neema amepiga. Anasema baba mkwe wake amenunua koti la ubatizo. Anasema, "Bibi, sitaki kukulaumu." Kwa hiyo analaumu tayari. Mtoto atakwenda kanisani na jina la sabuni, na mama yangu ataishia kwangu, kama hakuwahi kuzaa wala kulima muhogo kwenye mchanga huu.

Sikula.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa nne, imezima. Nilikuwa nimekaa mbele yake kama mgonjwa anayengoja daktari.

Mchana mkwe akaja. Akabisha hodi, akasubiri kidogo nitoke, akaingia na kompyuta yake. Sikutoka.

Nilikaa kwenye kiti changu. Esta alikuwa nyuma yake, akaweka mkono mdomoni. Mkwe akatazama chini. Nywele zake zina mvi. Sikuwa najua. Kisogoni hazijafika.

"Mkwe."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mashine yako inazima saa nne."

"Esta aliniambia inazima asubuhi, mama."

"Asubuhi ni ndefu. Mimi nilisema saa nne. Juzi saa nne, jana saa nne, leo saa nne. Redio ikianza habari, yenyewe inalala."

Nikamtazama Esta. Akatazama mlango.

Mkwe akasema, "Haiwezekani, mama. Kuna saa niliyoiamuru ijizime na kujiwasha yenyewe, kila siku, isichoke. Lakini hiyo ni saa kumi alfajiri. Watu wamelala."

"Uliiandikia nini?"

"Niliiandikia kumi."

"Kumi ya nani?"

Nilimuuliza kwa kumchokoza tu, kama ninavyomuuliza Esta akisema anakwenda kwa mtu, mtu wa nani. Lakini mkwe akainua uso. Akanitazama machoni, jambo ambalo hajalifanya tangu nimfahamu. Kisha akaenda kwenye kompyuta kama anafukuzwa na nyuki.

Mashine haihesabu kama sisi. Yenyewe inaanza kuhesabu usiku wa manane. Kumi yake ni saa nne yetu ya asubuhi. Yeye aliwaza kama mtu wa Lipingo, saa kumi, majogoo, akaandika kumi. Alitakiwa kuandika nne. Amesoma ufundi Songea, ana cheti ukutani, saa ya simu yake inaonyesha hivyo hivyo kila siku anaitazama.

Nikamwambia yote hayo. Nikaanzia kwenye boksi la mtu mwingine, nikaja kwenye sindano, nikamalizia na jua la Agosti. Alisikiliza amesimama. Nilipofika mwisho akasema, "Ni kweli, mama. Lakini mbuzi naye angeniambia saa nne tangu Alhamisi, ningeshajua."

Esta akatoka nje mbio. Nikamsikia anacheka uani mpaka anakohoa.

Mimi sikucheka. Nilikunja uso mpaka mkwe alipoondoka.

Mtoto wa Bukoba ni mjukuu wake wa kwanza. Hilo pia hatujawahi kulizungumza, mimi na yeye.

Jumapili, 17 Agosti

Nimevaa kitenge cha mama. Nimekaa kwenye kiti chake. Esta ameshika simu. Mkwe alitaka kukaa nje, nikamwambia aingie, akakaa sakafuni karibu na mlango, ananipa ubavu, anatazama taa za ruta.

Neema alitokea kabla ya saa, na sebule iliyojaa watu nyuma yake. Wakwe wamesimama, wananisalimia. Mtoto amefunikwa. Nikasema asifunuliwe kwanza.

Redio nilikuwa nimeizima. Lakini saa nne niliijua. Mkwe aliegemea mbele. Taa ya mtandao ilikuwa ya kijani. Ikabaki ya kijani.

Akasema, "Imepita, mama."

Nikasema, "Mfunueni."

Ana paji la uso la mama yangu, pana, limekunjamana kama anadai kitu. Nikamtazama. Nikamwambia jina lake. Dorika. Nikamwambia ni la nani, na nyumba gani linatoka, na kwamba mwenyewe hakuwahi kuomba chumvi kwa jirani. Baba mkwe wa Neema akavua kofia. Akalirudia, kwa lafudhi yao, lakini alilirudia sawa. Mtoto akapiga chafya.

Wakaondoka kwenda kanisani. Sura zikapotea kwenye simu. Mkwe akabaki pale sakafuni, anajifuta macho kwa kiganja, anasema ni vumbi la antena.

Jioni ziwa limetulia. Usipa nimeanua. Ruta inawaka, hakuna aliyenikaribisha popote.

Kesho Esta atoe kiti cha pili kule chumbani, akifute, akiweke sebuleni, kitazame changu. Mkwe akija akae hapo. Na mbuzi afungwe upande wa pili wa ua, ameshasikia ya kutosha.