Samaki wa Wageni wa Kabiro

Mashimoni, Kibera

Kwa dada yangu Kavetsa,

Salamu zikufikie ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto. Mama je, mguu umepungua uvimbe? Mimi huku niko. Mvua inatunyeshea lakini tunapumua. Najua umenipigia simu mara nyingi bila kujibiwa. Nimeona heri niandike, kwa sababu kwa simu ungenikatiza.

Jumamosi iliyopita Maurice aliniomba nikapike nyumbani kwake Kabiro. Alisema shangazi yake anakuja na wageni wa heshima, nami nikajua siku yangu ya kutambulishwa imefika. Unajua nilivyoingoja. Akataka yule samaki anayeivia pamoja na mboga katika sufuria moja, niliyefundishwa na Mabrouka, mama mwenye nyumba wangu.

Asubuhi nikaenda soko la Toi, nikachagua tilapia wanene wenye macho maangavu. Kule Kabiro niliwasha jiko uani. Nikapanga viazi, karoti, biringanya na hoho katika sufuria pana, nikanyunyiza mafuta, nikafunika na kuweka makaa mengine juu ya kifuniko ili moto uchome juu na chini. Mboga zilipoanza kugeuka kahawia ndipo nikalaza samaki juu yake, nimewapaka kitunguu saumu na ndimu. Ukiwatia mapema wanavurugika. Harufu ilipotoka, majirani wakanitania kwamba leo kuna harusi. Nilicheka, dada. Chini ya leso nilikuwa nimevaa gauni jipya.

Nilipoitwa niingize chakula, nilimkuta msichana ameketi kando ya Maurice, na wazazi wake mbele yao. Shangazi akasema, "Huyu ni Musimbi, anatusaidia jikoni." Kisha akaniambia nianze kumpakulia mama mkwe wa Maurice.

Nilipakua. Wale wazee hawakuwa wamenikosea. Maurice alitazama sahani yake tu. Yule mama alionja, akasifu, akaniuliza kwa upole nilijifunza wapi kupika hivyo.

Nikamjibu, "Nilijifunza ili nimpikie Maurice, mama. Aliniahidi kunioa."

Hakuna aliyetafuna tena. Baba wa msichana aliisukuma sahani yake. Msichana mwenyewe, anaitwa Joan, alianza kulia, na kwa kile kilio nikajua kwamba yeye pia alidanganywa. Nasikia waliondoka hata maji ya kunawa hawakungoja. Mambo yao zaidi ya hapo siyajui.

Mimi nilitoka kabla yao. Maurice alinifuata hadi kwenye geti, nikadhani anakuja kuniomba msamaha. Badala yake akasema nisimlaumu yeye. Alisema wakati wa Pasaka ulimwita kando ukamweleza kuhusu upasuaji wangu, na kwamba daktari alisema huenda nisipate mtoto. Alisema ni wewe uliyempeleka kwa kina Joan, watu wa kanisa lenu, ukamwambia mwanamume hawezi kuzeeka bila watoto.

Nilimwita mwongo. Nilikutetea, Kavetsa, pale nje, watu wakitusikiliza. Ndipo akanirudishia maneno yangu mwenyewe, yale niliyokuambia nikilia kifuani mwako, ambayo hata mama hajawahi kuyasikia. Hapo nikaamini.

Maurice nitamsahau. Lakini wewe ndiwe uliyenibeba mgongoni mama alipokuwa mashambani. Dada mwingine nitamtoa wapi?

Desemba nitakuja kumwona mama, ila nitalala kwa senje, shangazi yetu. Mama asiambiwe kwa nini. Siri hiyo moja jaribu kuitunza. Na kama una la kunijibu, usimtume mtu. Njoo mwenyewe Mashimoni, useme ukiniangalia.

Wasalimie watoto, wawili hao nawapenda kama jana. Shemeji pia. Mama mkandie mguu kwa maji ya moto kila jioni.

Ni mimi mdogo wako,
Musimbi